Mteja Asiyedai Vifungo Vyake

Haya yalitokea mwaka 2017, katikati ya mvua za masika, na yalianza siku ya Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Simu ya Pini ilitetemeka mara moja.

"Nguo zimekauka?" sauti iliuliza.

"Bado zinachuruzika," alijibu Pini.

"Basi kamuulize dobi."

Simu ikakatika.

Kama zingekuwa zimekauka, kazi ingekuwa imefutwa. Hazikukauka, kwa hiyo kazi ilikuwapo. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne ya ujasusi wake, Pini alitumwa kwa dobi wa kweli, mwenye sabuni na pasi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye uso ambao watu huusahau kabla hawajamaliza kuutazama. Wenzake walimwita Pini kwa sababu ya wembamba huo, na kwa sababu alikuwa na desturi ya kuchoma asipotarajiwa. Siku ile alivaa koti la mvua la kijivu lenye vifungo vitano vyeusi. Vinne vilifunga koti. Cha tano, kilichokuwa karibu na kola, kilipiga picha na kunasa sauti.

Mkobani mwake mlikuwa na bastola aina ya Beretta, simu ya Nokia ya miaka mingi, na kichupa cheupe cha dawa ya kupuliza puani, ambacho daktari wa idara alimlazimisha kukibeba.

"Cha nini?" Pini alikuwa ameuliza.

"Siku utakapokihitaji, hutakuwa na nafasi ya kuniuliza," daktari alimjibu.

Duka la dobi lilijaa mvuke. Nyuma ya meza alisimama mzee wa miaka sitini na kitu, miwani yake imefungwa kwa uzi, shati lake limepigwa pasi hata mikono ikasimama kama ubao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa? Nilipiga ile namba yenu ya bure siku tisa zilizopita. Siku tisa, mama! Ungekuwa moto, leo ungezoa majivu."

"Nimefika sasa. Nieleze."

Dobi aliegemea meza, akashusha sauti.

"Nililetewa vizibao ishirini vyeupe vya wahudumu wa sherehe. Vimelowa matope, chepechepe. Nikavitia mashineni, maji ya moto, kama kawaida. Nilipovitoa, vilikuwa na nyuzi tu. Vifungo mia mbili na arobaini, mama! Havikuvunjika, havikung'oka. Viliyeyuka kama sukari kwenye chai. Povu likageuka rangi ya waridi."

"Na mwenye nguo alisemaje?"

"Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Hakulalamika hata kidogo. Nimefua nguo za watu miaka thelathini na minane. Mteja akipoteza kifungo kimoja cha shati, atasimama hapo uliposimama anitukane mpaka marehemu mama yangu atajwe. Huyu amepoteza mia mbili na arobaini, akaniambia asante."

Pini alirudia maneno yale kichwani.

Mteja asiyelalamika.

"Anaitwa nani?"

"Wanamwita Mratibu. Kazi yake ni kuandaa sherehe za vijana."

"Alivileta mwenyewe?"

Dobi alivua miwani, akaifuta. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Vililetwa," alisema.

Pini hakulipenda jibu lile. Vililetwa na nani? Mtu anayeeleza idadi ya vifungo bila kukosea, kisha akasahau aliyeviingiza mlangoni, ana jambo analolikalia.

Alitupa jicho nyuma ya pazia. Msichana wa miaka kama ishirini na miwili alikuwa akipiga pasi. Nje kulikuwa na baridi ya mvua, lakini jasho lilimtiririka. Alitafuna ubani kwa nguvu, taya zikisagana kama anayetafuna kokoto. Alikaa mbele ya dirisha lenye mwanga mkali, na bado mboni zake zilikuwa pana kama za mtu aliye gizani.

"Huyo ni kitindamimba wangu," dobi aliharakisha kusema. "Ndiyo maana tunamwita Kitinda. Ana homa ya mvua."

"Tangu lini?"

"Tangu... mwezi wa pili."

Mwezi wa pili mvua zilikuwa hazijaanza. Pini aliliweka hilo kichwani, mahali pake.

Dobi alitoa kisahani. Ndani yake mlikuwa na kifungo kimoja chenye matundu mawili, kilichokwama kwenye mpira wa mashine kikanusurika. Pini alinyoosha mkono. Dobi akakivuta kisahani.

"Hapana, mama. Hii ni mali ya mteja."

"Mzee, huenda hiki si kifungo."

"Kilikuja kikiwa kifungo, kitarudi kikiwa kifungo. Sijawahi kumrudishia mtu nguo pungufu, na sitaanza uzeeni. Vingine nimekwisha agiza. Jumamosi nitampelekea mwenyewe, popote alipo, avihesabu mbele yangu."

"Basi niazime hiki kimoja. Nitakurudishia."

"Kwa neno la nani?"

"La kwangu."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta doa kwenye shuka. Kisha akakisukuma kisahani.

"Kimoja," alisema. "Unadaiwa."

*

Ijumaa mchana. Nokia ikatetemeka.

"Kile kifungo ni nini?" Pini aliuliza.

"Kidonge cha sherehe," alisema Mkuu, bosi wake wa idara. "Kile kinachowachezesha vijana kwa saa nane bila kuketi. Hiyo ni nusu ya habari."

"Nusu ya pili?"

"Ndani yake mna unga mwingine, wa jamii ya afyuni, wenye nguvu ya kutisha. Wa kwanza unaukimbiza moyo. Wa pili unaizima pumzi. Na aliyevikanda hakupima. Kifungo hiki kinaweza kumfurahisha mtu, na kinachofuata kwenye kizibao hichohicho kikamuua."

Pini alikaza simu sikioni.

"Shehena ya pili imeingia jana," Mkuu aliendelea. "Kesho kuna sherehe ya wahitimu kwenye ghala la zamani la barafu. Wageni mia sita. Wahudumu wanaingia saa sita mchana, milango inafunguliwa saa nane. Katika saa hizo mbili nataka picha ya Mratibu akigawa mzigo kwa mkono wake. Bila picha, atasema ni vifungo tu, na mahakama itacheka."

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi na dobi."

"Dobi simwamini."

"Wewe humwamini yeyote."

"Ndiyo maana bado napokea simu zako."

Jioni ileile Pini alimkuta Kitinda nyuma ya duka, chini ya bati, akianika mashuka ambayo yasingekauka.

"Wewe ndiye uliyevileta vile vizibao," Pini alisema.

Msichana aliganda, kibanio mkononi.

"Baba ameniambia nisizungumze na wewe."

"Baba yako anakulinda vibaya. Nieleze."

"Vilikuwa na matope, dada. Lori lilikwama, Mratibu akanipa mimi, mhudumu wake, nivitunze usiku mmoja. Mimi nimezaliwa kwenye sabuni. Siwezi kulala chumba kimoja na kola chafu! Nikavileta kwa baba ili nimfurahishe bosi. Sikujua vile vifungo ni nini."

Pini aliamini kwamba hilo ni kweli. Hakuna mtu duniani, isipokuwa mtoto wa dobi, ambaye angelifanya kosa la namna hiyo.

"Sasa unajua."

"Sasa najua."

"Unameza vingapi?"

"Simezi." Taya zikasagana. "Nilianza na nusu. Nilitaka kucheza tu, kama wenzangu. Raha ile, dada, siwezi kukuelezea. Lakini haikurudi tena vilevile. Sasa nisipomeza, dunia yote naiona kama maji yaliyofuliwa nguo mara tatu. Lakini naweza kuacha."

"Mara ya mwisho uliacha lini?"

"Jumatatu."

"Ukarudia lini?"

Kitinda alitazama chini.

"Jumatatu."

Hakuna aliyecheka, ingawa msichana alijaribu.

"Kesho utaniingiza ghalani," Pini alisema. "Mwambie Mratibu umempata fundi wa kushona vifungo vilivyolegea. Na usimeze kitu. Vya safari hii vina sumu nyingine ndani yake. Umenisikia? Hata nusu usimeze."

"Naapa. Ila baba asijue."

Pini aliondoka akiwa na shaka na kile kiapo. Aliwahi kusikia viapo vingi vya namna ile, vyote vya kweli wakati vilipotolewa.

*

Jumamosi. Saa saba kasorobo.

Ghala lilikuwa na kuta nene za vigae vyeupe, na sakafu iliyotoa baridi kama kwamba barafu haikuondoka. Mlangoni walipekua mikoba, kwa hiyo Beretta ilibaki garini. Pini aliingia na kopo la kushonea: nyuzi, mkasi, kastabini ya kukinga kidole, na kichupa cheupe kilichofunikwa kwa vitambaa.

Mratibu alinukia manukato ya gharama. Sauti yake ilikuwa laini, na kila mtu kwake alikuwa kipenzi.

"Kwa hiyo wewe ndiye fundi, kipenzi." Alimshika mkono, akaugeuza. "Ajabu. Fundi gani asiye na alama ya sindano kidoleni?"

"Fundi mwenye kastabini, kipenzi."

Mratibu alicheka kwa mdomo. Macho hayakushiriki.

Saa saba na robo aliwapanga wahudumu mbele ya reli ya nguo. Akaanza kuwavalisha vizibao mmoja mmoja kwa mkono wake.

"Mgeni mmoja, kifungo kimoja. King'oeni taratibu, mpeni mkononi. Akianguka mtu, mpelekeni stoo ya nyuma, mmwagieni maji, mfunge mlango. Sitaki gari la wagonjwa hapa. Watu hulala, kisha huamka."

Kifungo cha tano cha koti la Pini kilikuwa kinamtazama usoni.

Alijikuna sikio lililoficha kifaa kidogo cha mawasiliano.

"Umepata?" alinong'ona.

"Picha na sauti," Mkuu alijibu. "Tunakuja. Daraja limefurika, tunazunguka. Dakika kumi na mbili."

"Ni nyingi."

"Ni hizo tulizonazo."

Pini alishusha pumzi, akawahesabu wahudumu. Walikuwa ishirini walipojipanga. Sasa walikuwa kumi na tisa. Kwenye kiti kando ya reli palilazwa kizibao kimoja. Alivihesabu vifungo vyake bila kukigusa.

Kumi na kimoja. Mahali pa cha kumi na mbili palining'inia uzi.

"Kitinda yuko wapi?"

"Stoo," mhudumu mmoja alijibu bila wasiwasi. "Alisema mikono inamtetemeka. Mratibu kampa kimoja ili atulie. Amelala."

Pini hakukimbia. Anayekimbia hutazamwa. Alitembea upesi, kopo mkononi, mpaka kwenye korido ya nyuma, akausukuma mlango wa stoo.

Kitinda alikuwa chali sakafuni. Alikoroma, mkoromo mzito wa kukatikakatika, ambao asiyejua angeuita usingizi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mboni zile pana za Jumatano zilikuwa zimenywea kama ncha ya sindano.

"Kitinda!"

Kimya. Pini alimsugua mfupa wa kifua kwa nguvu. Kimya.

Mkoromo ukakoma.

Alikilaza kichwa cha msichana nyuma, akaingiza ncha ya kichupa puani, akabonyeza ile dawa ya kupambana na afyuni. Kisha akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya wa msichana, akampulizia pumzi. Akahesabu mpaka tano. Akampulizia nyingine.

Kivuli kikasimama mlangoni.

Mratibu alikitazama kichupa. Akamtazama Pini. Ile sauti laini ikakauka.

"Wewe si fundi."

Hakungoja jibu. Pini alisikia magurudumu ya reli ya nguo yakiburuzwa kwenye korido kuelekea mlango wa nyuma. Mzigo wote ulikuwa kwenye reli ile.

"Pini!" Mkuu alikuwa sikioni. "Anatoka. Mfuate!"

"Siwezi. Tuma gari la wagonjwa."

"Liko nyuma yetu. Mfuate, nakuamuru! Mzigo unaondoka!"

"Nina pumzi ya mtu mikononi. Mzigo na uondoke."

Tano. Puliza. Tano. Puliza.

Nje ya ukuta, mlango wa nyuma ulifunguka kwa kelele. Kisha, badala ya mlio wa gari, Pini alisikia sauti aliyoijua.

"Ah, Mratibu! Nimekutafuta wiki nzima, bwana."

Dobi.

"Ondoka, mzee. Nina haraka."

"Haraka ya nini, mvua yote hii? Nimekuletea vifungo vyako. Hivi hapa."

"Sivitaki."

"Hutaki vipi? Nimevipoteza mimi, ninavilipa mimi. Vihesabu."

"Nimekusamehe! Nipishe!"

"Sikuomba msamaha, niliomba uhesabu. Na nikueleze kabisa: humu mna mia mbili na thelathini na tisa. Kimoja kiko kwa yule mama mwenye koti la kijivu, alikiazima kwenda kukitazama."

Magurudumu ya reli yakasimama.

"Mama gani?" Sauti ya Mratibu ilipanda. "Alikiazima lini? Nani kamtuma?"

"Unaona? Sasa ndiyo unakumbuka kudai!"

Puliza. Tano. Upande wa pili wa vigae mzee alikuwa akigombania vifungo, na mwanawe alikuwa hapa, hatua nne, kifua hakiinuki. Dakika ya tatu ilikuwa imepita. Alikipuliza kichupa mara ya pili, puani upande wa pili.

"Niachie koti langu, mzee!"

"Nakuachia ukihesabu. Mtu mzima hakimbii mali yake ila kama ameiba. Umeiba? Niambie, umeiba?"

Kitu kilichanika. Ikafuata mvua ya plastiki juu ya saruji, mia mbili na thelathini na tisa, na kishindo cha mtu mzito aliyekanyaga mahali pasipokanyagika.

"Angalia sasa umevimwaga!" dobi alipiga kelele. "Okota!"

Ving'ora.

Na chini ya mikono ya Pini, kifua kikainuka chenyewe.

Mara moja. Mara ya pili. Kitinda alikohoa, akafumbua macho, akaanza kulia kama mtoto aliyeamshwa vibaya. Pini alimlaza ubavu, mkono chini ya shavu, akabaki amemshika bega.

"Usilale. Dawa hii inaisha kabla ya ile sumu. Zungumza na mimi mpaka madaktari wafike."

"Niliapa," Kitinda alinong'ona.

"Najua."

Mlangoni alitokea mzee, shati limelowa, kiganja kimejaa vifungo alivyoviokota. Alimwona binti yake. Vidole vikafunguka. Safari hii hakuviokota.

"Mwanangu," alisema. Akapiga magoti kwenye maji. "Homa. Nilijua si homa. Nilijua, nikaona haya kusema."

*

Mratibu alifungwa miaka kumi na minane. Picha za kifungo kile ndizo zilizomfunga. Alizikana zote, mpaka sauti yake laini ilipochezwa mahakamani ikisema kwamba watu hulala, kisha huamka.

Miezi mitano baadaye, kiangazi kikiwa kimekolea, Pini aliusukuma mlango wa duka la dobi. Alivaa koti lilelile, ingawa mawingu hayakuwapo.

Kitinda alikuwa mezani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amekaa kituo cha matibabu miezi minne. Mwezi wa tatu wa matibabu alitoroka na kurudia vidonge, na baba yake alimrudisha kwa mkono wake, bila kumficha mtu yeyote sababu. Bado vidole vilimtetemeka alipotunga uzi.

"Siku ya sitini na tatu leo, dada," alisema.

"Unajisikiaje?"

"Vibaya. Lakini naona rangi."

Dobi alitoka nyuma ya pazia.

"Marahaba," alisema kabla hajasalimiwa. "Miezi mitano, mama. Ungekuwa moto..."

"Shikamoo, mzee. Najua, majivu."

Pini alichukua mkasi wa Kitinda. Akashika kola ya koti lake, akakata uzi, na kukiweka kifungo cha tano kwenye kisahani. Kilikuwa cheusi, kimezimika, na katikati kilikuwa na jicho dogo la kioo.

Mzee alikigeuzageuza mwangani.

"Si rangi yake."

"Kile cha kwanza kilikuwa kidonge. Hiki ni kifungo kweli."

Dobi alifikiri. Kisha akavuta kifuko kutoka chini ya meza, akakidondosha kifungo humo juu ya vile vingine alivyoviokota baadaye sakafuni ghalani, akakaza kamba.

"Mia mbili na arobaini," alisema. "Alhamisi ni siku ya kuwatembelea wafungwa. Nitampelekea."

"Atakutukana, baba," Kitinda alisema.

"Na anitukane. Ndivyo mteja anavyotakiwa kufanya."

Alimgeukia Pini, akampa mkono wenye makovu ya pasi.

"Hudaiwi, mama."

Pini alitoka juani, kola wazi.